Safari ya Kumfikisha Mwajuma Korogwe

Mimi Salehe hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo kila mahali na watu wa Chanika, hapa Handeni mjini, wameshanizoea. Niliacha shule darasa la nne nikaanza kuswaga ng'ombe wa watu kwa miguu katika nyika za Handeni, malipo yangu uji na mahali pa kulala. Leo nina Fuso mbili, mabucha matatu na nyumba ambayo ukipita huulizi ni ya nani. Nimeona ng'ombe akizaa juu ya lori likiwa kwenye mwendo. Nimeona tajiri akilia mnadani kama mtoto kwa kuuziwa dume lililonyweshwa maji ya chumvi ili lionekane nono. Niletee ng'ombe, nimtazame mara moja, nitakutajia kilo zake. Mizani ikinipinga, ujue mizani ni mbovu.

Kwa hiyo Mwajuma aliponipigia simu jioni ile, nilidhani najua anachotaka.

Mwajuma ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Alipata homa akiwa na miaka minne, miguu ikanyauka, na tangu hapo anatembea kwa mikono, viganja amevivalisha ndala. Sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini na sita. Anaishi Sindeni na mama yetu. Hapo hapo chini kwenye mkeka anashona kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na anafuma vitambaa vya makochi. Makochi yangu yote yamevaa kazi yake. Wageni wakiuliza nimevitoa wapi, nilikuwa nasema Dar es Salaam. Kumlipa sijawahi. Ndugu unamlipaje?

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Unga umekwisha?"

"Unga upo. Kaka, Korogwe kuna kituo cha watu wenye ulemavu, wanashona sare za shule. Wanataka mafundi sita. Kuna mshahara na pa kulala. Nilipeleka kola na mfuko wa shati kwa mkono wa afisa maendeleo wa kata. Wamesema niende Alhamisi nikajaribiwe."

"Wewe?"

"Mimi, Kaka. Naomba unifikishe tu. Mengine nitafanya mwenyewe."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kaka yake yupo, watu wa Korogwe watanijua. Yeye alikuwa ameomba gari. Mimi nilisikia kwamba anaomba kazi, na kwamba wa kuitafuta ni mimi.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Chanika na Fuso mwenyewe, dereva nikampa mapumziko. Sikuliosha. Lilikuwa limeshusha ng'ombe jana yake.

Saa moja na ushee nilikuwa Sindeni. Nilimkuta Mwajuma ameketi nje, amevaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, kando yake begi, mkasi umefungwa kwenye khanga, na ndala mpya za mikononi. Mbele yake alikuwa amepanga kigoda, kisha kreti la soda, kisha makreti mawili yamebebana. Ngazi. Alikuwa ameipima kwa mlango wa Fuso langu nilipopita wiki iliyotangulia, wala mimi sikumwona akipima.

Mama alitoka ndani akipapasa ukuta. Macho yake hayaoni vizuri.

"Salehe, ukimpeleka huyu, mimi ananipikia nani?"

"Mama, nimeshaongea na mke wa jirani," Mwajuma akasema. "Nitakuwa natuma hela ya kumlipa."

"Hela utatoa wapi wewe?"

"Ndiyo naifuata, Mama."

"Huko watakucheka, mwanangu. Hapa hakuna anayekucheka."

Majirani walikuwa wameanza kusogea. Mimi nikiona watu siwezi kujizuia. Nikamnyanyua Mwajuma kwa mikono miwili, juu juu, nikamtia kwenye kiti cha mbele kama mtu anayepakia gunia la mahindi. "Mnaona?" nikawaambia. "Bado nina nguvu za kijana." Watu wakacheka. Mwajuma akavuta gauni lake kufunika magoti.

Tulipokwisha kuondoka akasema, "Nilikuwa nimepanga ngazi, Kaka."

"Ngazi ya nini na mimi nipo?"

Makreti yakabaki pale uani.

Kama saa mbili na nusu hivi tulisimama kwenye kijiji cha njiani, nikanywa chai na chapati na kuangalia matairi. Nilimwachia mlango wazi apate hewa. Nikiwa na kikombe mkononi nilimwona mzee mmoja wa kanzu akipita, akatazama ndani, akaiona ile miguu na zile ndala mikononi. Akaingiza mkono mfukoni, akaweka sarafu ya mia mbili juu ya mapaja ya Mwajuma.

"Shikamoo, babu," Mwajuma akasema. "Babu, mimi siombi. Naenda kazini."

"Ndiyo, mwanangu, Mungu akujalie. Chukua tu."

"Babu, ni fundi mimi."

"Chukua, mama. Uniombee dua."

Mzee akaenda zake. Mimi nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwambia, "Umeanza kulipwa kabla hujafika! Weka, hela haina ubaya." Akaiweka sarafu kwenye dashibodi, juu ya miwani yangu ya jua. Kila tukipita tuta ilikuwa inaruka na kulia.

Saa nne kasoro tulivuka daraja la mto Pangani tukaingia Korogwe. Kituo chenyewe kiko mtaa wa nyuma ya barabara kuu. Ni nyumba ndefu ya bati, haina ngazi hata moja: kila mlango una mteremko wa saruji. Hapo Mwajuma aliniambia, "Nishushe hapa chini, Kaka, usinibebe tena." Akapanda ule mteremko kwa mikono yake, ndala mpya zikipiga pa, pa, pa, akaingia mlangoni kabla yangu. Sikumbuki siku yoyote aliyotangulia kuingia mahali mbele yangu.

Aliyetupokea aliitwa Mama Eliza, mama wa makamo, anatembelea magongo mawili, ndiye mkuu wa kituo. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Mwajuma.

"Wewe ndiye wa ile kola kutoka Sindeni? Karibu, fundi."

Fundi.

"Mimi ni kaka yake," nikasema. "Salehe wa Handeni. Nadhani umenisikia, nyama nusu ya mji ni yangu."

"Karibu, Mzee Salehe. Kuna benchi nje, kivulini."

Sikuzoea kuonyeshwa benchi. Nikaingia ndani nao. Walikuwepo watu kumi na mmoja waliokuja kujaribiwa: viziwi wawili wanaongea kwa vidole haraka kuliko mimi na mdomo wangu, kijana wa mkono mmoja, mama mwenye mgongo uliopinda, na wengine. Meza za kushonea ni fupi, nyingine ziko chini kabisa kwenye mkeka. Kazi ilikuwa moja kwa wote: kola, mkono wa shati, na vifungo sita.

Anayekagua ni bwana mmoja aitwaye Bakari, haoni kabisa. Anapitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, kama mtu anayesoma. Alipofika kwa kijana mmoja akasema, "Mshono huu umelewa. Umetoka kilabuni, unatafuta njia ya nyumbani." Watu wakacheka, kijana mwenyewe naye akacheka akaanza kufumua.

Kisha akageuza pua upande wangu. "Na huyu mgeni ni mtu wa ng'ombe."

"Umejuaje, na wewe huoni?"

"Bwana, hata mwenye macho angejua."

Alipofika kwa Mwajuma alikaa muda. Akaipindua kola, akapitisha kidole mara ya pili. "Nani kashona hii?"

"Mimi, Mwajuma."

"Hii haina makosa ya kuchekea," Bakari akasema, akaiweka peke yake kwenye rafu. Mimi niliona kola imewekwa rafuni, basi. Laiti ingekuwa ng'ombe ningeelewa kilichofanyika. Kwa kola sikuwa na jicho.

Saa kumi alasiri kazi ilisimama, wakatoka uwanjani kucheza. Wanacheza mpira wa wavu wa kukaa. Wavu unashushwa, kila mtu anakaa chini, mwenye miguu na asiye na miguu, na ni marufuku kunyanyua makalio. Wakaniita. Nikasema hii kazi ndogo, nikakaa. Nakwambia, nilikuwa kama gari bovu. Mpira unakuja kushoto, mimi bado nahangaika kuhamisha mguu wa kulia. Lakini Mwajuma, mtu aliyetembea kwa mikono miaka thelathini na miwili, alikuwa anateleza kwenye vumbi kama yuko juu ya magurudumu. Alipiga mpira mmoja ukanikuta usoni, nikaanguka chali.

"Kaka!" akapiga kelele. "Nguvu za kijana ziko wapi?"

Uwanja mzima ukacheka, naye akacheka, kichwa nyuma, meno yote nje. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko kile. Sauti kubwa hivyo, kumbe anayo. Nilibaki chali na vumbi puani nikijiambia: huyu asipoipata nafasi hii, mimi sitalala.

Hapo ndipo hofu iliponishika, na hofu ikanirudisha kwenye kazi yangu. Nikahesabu tena. Watu kumi na mmoja, nafasi sita. Mnadani, ukimpenda ng'ombe na umeona wengine wanamtazama, hungoji. Unamfuata dalali pembeni unatanguliza kitu mkononi mwake. Si rushwa, ndivyo tunavyofunga biashara. Asiyetanguliza anarudi na kamba tupu. Na kuna neno la kusema ukitanguliza, sote tunalisema, hata kama si kweli: unasema "mwenye mali anajua." Hapo dalali anatulia, anajua hakutakuwa na kelele baadaye.

Saa kumi na mbili jioni nikamfuata Mama Eliza ofisini. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na karatasi kubwa imebandikwa ukutani, maandishi meusi mazito. Mimi kusoma nasoma, ila polepole, na sikuwa na nia. Nikaweka bahasha mezani.

"Nini hii, Mzee Salehe?"

"Ya soda tu, Mama. Laki tatu. Kwa ajili ya yule mdogo wangu."

Hakuigusa. Magongo yake yalikuwa yameegemea meza. "Mwenyewe anajua?"

Nikatabasamu kama ninavyotabasamu mnadani. "Mwenyewe anajua, Mama. Tumepanga wote."

"Mmepanga wote."

"Wote."

Akaichukua bahasha akaitia kwenye mtoto wa meza. Nikatoka nikiwa mwepesi. Nilienda gesti, nikala wali na nyama, nikamlalamikia mpishi kwamba nyama yake ni ya ng'ombe mzee, nikalala fofofo. Mwajuma alilala kituoni na wenzake.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, walikusanyika chumba cha cherehani. Mama Eliza akasoma majina sita. Mama wa mgongo uliopinda. Kiziwi mmoja. Wengine. Akakunja karatasi. Mwajuma bado alikuwa ameinua uso, anangoja jina la saba.

Watu walipotawanyika Mama Eliza alituita ofisini sisi wawili. Akatoa bahasha akamkabidhi Mwajuma.

"Hii ni ya kwenu. Hesabuni."

Mwajuma akaifungua, akaona pesa. "Mama, mimi hii siijui."

"Kaka yako alisema unajua. Alisema mmepanga wote."

Nilianza kusema lakini Mama Eliza aliinua gongo moja akaonyesha ukutani. "Soma, Mzee."

Nikasoma, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la nne, mbele ya mdogo wangu: Atakayetoa hela apate nafasi, nafasi yake imekwisha. Tumekubaliana wanachama wote.

Akatueleza. Zamani kidogo ndugu walikuwa wanakuja na bahasha, wengine kwa upendo, wengine ili waondolewe mzigo nyumbani. Mkuu aliyekuwepo akapokea. Wakaingia watu wasiojua hata kutunga uzi, mafundi wakaachwa nje, shule ikarudisha shehena nzima ya sare, na wanachama wakakaa miezi bila mshahara. Ndipo wenyewe wakaandika ile karatasi.

"Mama," nikasema, "nilidanganya. Hajui. Naapa, hajui chochote."

"Jana uliniambia anajua. Leo unaniambia hajui. Nishike lipi?"

"La leo!"

"Wote wanaokuja na bahasha wana la leo, Mzee Salehe."

Bakari alikuwa amesimama mlangoni, ile kola mkononi. "Mama Eliza, kola yake ilikuwa ya kwanza," akasema. "Sote tuliipitisha jana mchana, kabla ya mpira."

"Najua, Bakari. Na wa sita ameshaambiwa, analia kwa furaha pale nje. Nenda wewe ukamwambie afungashe."

Bakari hakwenda. Aliinama, akampa Mwajuma kola yake.

Basi. Nafasi ilikuwa yake kabla sijaingia ofisini. Ningekaa kwenye benchi kivulini nilipoonyeshwa, angekuwa ameajiriwa. Nilitaka Mwajuma anitukane. Aliitazama bahasha, akaniwekea miguuni, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nilikuomba unifikishe, Kaka. Unifikishe tu."

Saa nne tulikuwa kwenye Fuso. Nilinyoosha mikono nimnyanyue, akasema hapana. Akashika kikanyagio cha chini, akajivuta, akateleza, akajivuta tena. Goti likachubuka. Watu wa barabarani walisimama kutazama, wananitazama mimi, mwanamume mzima nimesimama mikono inaning'inia. Ilichukua muda mrefu sana. Kule Sindeni alikuwa amepanga makreti.

Tulivuka daraja. Sarafu ya mzee ilikuwa bado kwenye dashibodi, inaruka na kulia, na hakuna aliyeigusa. Tulipokipita kile kijiji cha chai ndipo aliponiuliza, macho mbele.

"Kaka, ng'ombe mwenye miguu mibovu mnadani unamnunua bei gani?"

Bei naijua. Hakuna asiyejua mimi naijua. Nikabadilisha gia.

Saa sita hivi tulifika Sindeni. Makreti yalikuwa pale pale uani, akashuka nayo. Mama alisikia ndala akatoka mbio, mikono mbele.

"Mwanangu umerudi! Alhamdulillahi! Nilijua watakurudisha. Si nilikwambia? Njoo unikunie nazi."

Alifurahi kupita kiasi, mama yangu. Mwajuma akaenda akamkunia nazi, akiwa bado na gauni la bluu, vumbi la mpira wa jana limeshika kwenye pindo.

Nilirudi Korogwe peke yangu mara mbili. Mara ya kwanza Mama Eliza alinipa chai, akasema wakitafuta tena mafundi Mwajuma anaruhusiwa kuja, ila aje na mtu mwingine. Mara ya pili aliniambia bado, oda hazijaongezeka. Nikipita pale mjini na ng'ombe wangu mchana, watoto wanatoka shule, naona mashati meupe mamia, kola zimekaa vizuri. Natazama kola siku hizi. Jicho limekuja, limechelewa.

Nilichojifunza nakiandika hapa kwa wenzangu wenye ndugu kama Mwajuma, maana najua mko wengi na mnajiona wema kama mimi. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kuna mtu angemtaka kwa kazi yake. Hiyo ndiyo siri yangu. Ile laki tatu niliitoa kwa mapenzi, naapa, lakini niliitoa kwa sababu moyoni nilishaamua hafai. Nilishangaa, mimi Salehe, nilishangaa kuliko siku zote za maisha yangu.

Mwezi uliopita binti yangu alikuwa anaposwa, mke wangu akataka vitambaa vipya vya makochi. Nikaenda Sindeni. Mwajuma alikuwa kwenye mkeka wake, mbele yake ile kola ameitundika ukutani kwa msumari.

"Seti ni vitambaa kumi na tatu," akasema. "Kimoja elfu tatu na mia tano."

Nikatoa pochi. "Nitangulize kidogo?"

"Hapana. Utalipa kazi ikiisha, Kaka, kama watu wengine."

Wiki tatu baadaye vilikuwa tayari. Nikavikagua kimoja kimoja kwa kidole gumba, nimefumba macho. Havikuwa na kosa. Sikuomba kupunguziwa, wala hakunipunguzia. Wageni walipouliza vimetoka wapi nikasema vimefumwa na mdogo wangu Mwajuma, fundi, yuko Sindeni. Nilimlipa mkononi, naye akahesabu mbele yangu, noti na sarafu: shilingi elfu arobaini na tano na mia tano.